Dalili Kifuani mwa Mtoto Mchanga: Je, Ajuaye Aseme?

Neno dalili tumelizoea mno hata hatuoni tena kwamba limebebeshwa mizigo miwili. Mganga wa zahanati akisema kuwa mtoto ana dalili za nimonia, husema juu ya jambo lililokwisha kuingia mwilini, nalo lataka dawa leo hii kabla jua halijachwa. Lakini tukisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu, twasema juu ya jambo ambalo bado halijafika, na ambalo huenda lisifike kabisa. Kila mkulima amepata kuona mawingu yakitanda, wanawake wakaanua nguo na nafaka, kisha upepo ukayachukua yakaenda kunyesha kwenye shamba la mtu mwingine. Dalili ya kwanza ni shahidi wa lililopo. Ya pili ni mjumbe tu, na mjumbe huweza kukosea njia.

Katika makala haya twataka kuchungua dalili za aina hiyo ya pili, zile zinazoonekana kwa mtoto angali kwenye mbeleko, na ambazo, kwa kauli ya wataalamu, zaweza kuonyesha kama atasumbuliwa na pumzi atakapofikia umri wa kwenda shule. Hatujifanyi waganga. Swali letu ni la maadili. Mtu aliyeiona dalili hiyo, naye ana elimu ya kuisoma, je, ana wajibu wa kumwambia mama? Na ikiwa anao, amwambie kiasi gani, na kwa maneno gani? Huenda msomaji akauliza swali hili lina uhusiano gani na walimu wa Kiswahili. Lina uhusiano mkubwa. Huko tunakofundisha, mara nyingi mwalimu ndiye anayeletewa kadi ya kliniki aisome, na mwalimu ndiye anayekaa na mtoto huyo saa saba kila siku wakati mganga anamwona mara moja kwa mwaka. Aidha, kama tutakavyoona, sehemu kubwa ya shida yenyewe ni shida ya maneno.

Hatuna budi kuanza na yale yanayojulikana, maana mjadala wa maadili usiosimama juu ya ukweli huwa ni ubishi wa barazani. Mwaka 1980, katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona, Marekani, wataalamu walianza kuandikisha watoto wachanga, wakapata zaidi ya 1,200, wakaazimia kuwafuata mwaka hata mwaka. Mwaka 1995, Fernando Martinez na wenzake walitangaza habari za watoto 826 kati ya hao, waliokuwa wamefuatwa hadi umri wa miaka 6. Nusu yao hawakupata kusikika kifua kikilia mluzi hata mara moja. Katika kila 100, watoto 20 kifua kililia kabla hawajatimiza miaka 3, kisha kikaacha. Watoto 15 hawakuwa na neno lolote katika miaka ile mitatu, wakaanza baadaye. Na 14 hivi walianza mapema, wala hawakuacha.

Tuzitazame hesabu hizi polepole, kwani ndani yake mna jambo ambalo wengi hulipita. Watoto ambao vifua vyao vililia mapema walikuwa 34 katika kila 100, na 20 kati ya hao 34 walipona wenyewe kwa kukua. Maana yake, mtu anayemwambia kila mama mwenye mtoto wa namna hiyo kwamba mwanawe ana pumu, atakuwa amesema uongo mara nyingi kuliko alivyosema kweli, ingawa sauti aliyoisikia ni ile ile. Wale 20 walizaliwa na njia nyembamba za hewa, tangu kabla hawajapata hata mafua ya kwanza, na mama zao walielekea zaidi kuwa wavutaji wa sigara kuliko mama za watoto wengine. Mwili ulipokua, njia zile zilipanuka. Wale 14 walikuwa na habari nyingine: mama zao walielekea zaidi kuwa na pumu kuliko mama za wengine, na damu yao ilionyesha mwili wenye mzio, yaani mwili unaochukizwa na vitu ambavyo kwa wengine havina neno.

Mwaka 2000, José Castro-Rodríguez pamoja na wenzake wa Tucson walitunga kipimo cha kuwatenganisha watoto hao. Sehemu yake kubwa haihitaji mashine. Huanza na mtoto ambaye kifua chake kimelia mara nyingi katika miaka 3 ya mwanzo. Kisha huulizwa kama mmoja wa wazazi ana pumu, au kama mtoto mwenyewe ana ukurutu wa ngozi. Ikiwa hakuna hata moja kati ya hayo mawili, hutazamwa mambo madogo matatu: mafua yatokanayo na mzio, kifua kulia mluzi hata wakati hana mafua, na wingi wa chembe fulani za damu, naye akiwa na mawili kati ya matatu huhesabiwa. Mtoto aliyetimiza masharti hayo alikuwa na uwezekano wa kuwa na pumu kati ya umri wa miaka 6 na 13 uliozidi ule wa wenzake kwa mara 4.3 hadi 9.8. Na yule asiyeyatimiza, zaidi ya mara 95 katika 100 hakupata pumu katika miaka hiyo.

Hapa na tusimame kidogo tuseme jambo juu ya ukurutu. Watu wa kawaida, hasa upande wa Tanzania, huuita ugonjwa huo pumu ya ngozi. Tumepata kumsikia mtu msomi akilicheka jina hilo akisema kuwa ni la watu wasiojua, kwa maana ngozi haivuti pumzi. Lakini tazama: wataalamu walipofuata watoto zaidi ya elfu moja kwa miaka mingi, waliukuta ukurutu umesimama bega kwa bega na pumu ya mzazi kuwa dalili kubwa kuliko zote. Waliolitunga jina lile, hatuwajui ni akina nani, walikuwa wameona ndugu wawili katika nyumba moja wakawapa jina moja. Hatusemi kwamba lugha ni sayansi. Twasema tu kwamba kicheko kile kilikuwa cha haraka.

Uchunguzi mwingine ulifanywa Oslo, Norway, ambako watoto waliozaliwa mwaka 1992 na 1993 walipimwa pumzi wakiwa na umri wa siku chache tu. Walipotimiza miaka 10 ilionekana kwamba wale ambao pumzi yao ilikuwa dhaifu siku zile za kwanza walikuwa na pumu zaidi kuliko wenzao. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2006, lakini wataalamu wenyewe walikiri kwamba kipimo kile hakitoshi kumtabiria mtoto mmoja. Kinasema kweli juu ya kundi, na juu ya mtoto huyu aliyepakatwa hapa hakina hakika. Msomaji ashike neno hilo, maana ndipo penye kiini cha swali letu.

Sasa tuingie katika maneno, ambayo ndiyo shamba letu. Tumesema mara kadhaa hapo juu kwamba kifua hulia mluzi. Mluzi huo ni sauti nyembamba itokayo ndani kabisa, hasa mtoto anapotoa pumzi, kwa sababu hewa inapita mahali palipobana. Lakini nenda ukamwulize mama kama mtoto wake ana mlio kifuani. Atasema ndiyo, naye pengine anasema juu ya kukoroma, ambako ni kwa pua na koo wakati wa usingizi. Au anasema juu ya makohozi yanayogugumia. Mwingine anasema juu ya kutweta, ambako ni kuvuta pumzi upesi upesi, au kuhema kwa mtoto aliyelia mno. Kiswahili chetu kina maneno hayo yote, na kila moja lina mpaka wake, ila mama aliye mbele ya meza ya mganga, mwenye hofu na aliyesubiri tangu alfajiri, hatazami mipaka ya maneno. Husema lile lililo karibu na ulimi.

Wala tusidhani kwamba hii ni aibu ya Kiswahili au ya mama zetu. Watafiti wa London walichungua mwanzoni mwa karne hii wazazi wa Kiingereza wanaelewa nini kwa neno lao wenyewe la mlio huo, wakakuta kwamba mara nyingi mzazi na daktari, wote wasemaji wa lugha moja, hawakuwa wakisema juu ya sauti moja. Na ulipoanzishwa mwaka 1991 uchunguzi mkubwa wa pumu na mzio wa watoto katika nchi nyingi za dunia, ambao Kenya pia ilishiriki kwa miji ya Nairobi na Eldoret, wataalamu waliona kwamba maswali ya kuandikwa hayatoshi, maana kila lugha hulikata jambo mahali pake. Wakatengeneza filamu fupi za watu wanaosumbuliwa na pumzi, ili kijana atazame na kusikiliza kisha aseme kama yeye mwenyewe amepata kuwa hivyo. Yaani walikimbia maneno. Kwetu sisi wenye kazi ya maneno, hilo ni jambo la kutafakari. Kabla ya kuuliza kama ni wajibu kusema, yafaa tuulize kama tuna uwezo wa kusema tukaeleweka.

Basi turudi kwenye wajibu. Wapo wanaoona kwamba ajuaye anyamaze, na hoja zao si za kupuuzwa. Ya kwanza ni ya wazee wetu, waliokuwa na mwiko wa kumtabiria mtoto mabaya. Kinywa huumba, husema. Wengi wetu tuliosoma shule tumezoea kuliweka neno hilo katika kapu la ushirikina. Lakini mwalimu aliyekaa darasani miaka mingi ajua kwamba lina ukweli usiohitaji pepo wala uchawi. Mwenzetu mmoja afundishaye shule ya msingi alitusimulia habari za mvulana aliyeletwa darasa la kwanza na mama yake, naye mama akamwambia mwalimu kwamba huyu ana pumu, asikimbizwe. Mwalimu akatii, na mwalimu wa pili akatii, na wa tatu. Kwa miaka minne mvulana alikaa chini ya mwembe akishika saa na mashati ya wenzake wakati wa michezo. Alikuwa mpole kupita kiasi, akiingia darasani anatafuta kiti cha ukutani. Alipofika darasa la tano ndipo mwalimu alipomwuliza mama ni lini mara ya mwisho kifua kilimbana. Mama akafikiri sana. Ilikuwa kabla hajatimiza miaka 3. Mtu fulani kliniki alikuwa amelitamka neno pumu siku moja, basi, wala hakuna aliyerudi kulifuta. Mvulana huyo yaelekea alikuwa mmoja wa wale 20, na mapafu yake yalipona zamani. Kilichokuwa kimebaki ni lile neno.

Hoja ya pili ya wanyamazaji ni kwamba hakuna faida ya kujua lisilozuilika. Hii nayo ina ushahidi. Mwaka 2006 zilitangazwa habari za jaribio lililofanywa Marekani kwa watoto 285 wa umri wa miaka 2 na 3, wote wakiwa wametimiza masharti ya kile kipimo cha Tucson. Baadhi yao walipewa dawa ya kuvuta kila siku kwa miaka miwili, wengine wakapewa ya kupoza tu isiyo na kitu ndani. Waliopewa dawa walipata nafuu kwa muda wote walioitumia. Ilipokoma, katika mwaka uliofuata hapakuwa na tofauti kati yao na wenzao. Dawa ilituliza ugonjwa lakini haikuupindisha njia yake. Kama ndivyo, wasema, kuna haja gani kumtia mama hofu ya miaka saba kwa jambo ambalo hata daktari wa Marekani hawezi kuligeuza?

Kwa maoni yetu hoja hii imechanganya vitu viwili, kuzuia na kujiandaa. Mwenye kuona mawingu hawezi kuizuia mvua, lakini aweza kuanua nafaka. Tuangalie mambo yalivyo hapa kwetu. Mwaka 2013 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya Mulago, Kampala, kwa watoto wa chini ya miaka 5 walioletwa kwa kikohozi au kwa shida ya pumzi. Wachunguzi walikuta kwamba wengi walikuwa na pumu isiyotambuliwa kuwa ni pumu. Sababu haiko mbali. Tangu miaka ya 1980 waganga wa vituo vidogo wamefundishwa, na kwa haki kabisa, kuhesabu pumzi za mtoto anayekohoa: akiwa wa miezi 2 hadi 11 akavuta mara 50 au zaidi kwa dakika, au akiwa wa mwaka mmoja hadi mitano akavuta mara 40 au zaidi, huhesabiwa kuwa ana nimonia na kupewa dawa ya kuua vijidudu. Kanuni hiyo imeokoa watoto wengi sana. Lakini mtoto aliyebanwa na pumu naye huvuta pumzi upesi. Basi hupewa dawa ya nimonia, mara ya kwanza, mara ya nne, mara ya saba, na kila mara mama hurudi nyumbani akiamini kwamba huo ni ugonjwa mpya, au kwamba ni jicho baya la jirani, au kwamba yeye mwenyewe hajui kumfunika mtoto.

Mama huyo akiambiwa mapema kwamba mtoto wake, kwa sababu ya ukurutu wake na kwa sababu ya pumu ya baba, huenda akawa mmoja wa wale wanaobanwa mara kwa mara, amepewa kitu cha kushika. Siku atakapomleta usiku ataweza kusema: huyu si mara yake ya kwanza, na baba yake yuko hivi. Maneno hayo machache yaweza kumgeuza mganga kutoka dawa moja hadi nyingine. Na usiku wa namna hiyo haungojei. Kifua kikibana sawasawa, mtoto hana nguvu ya kulia. Hunyamaza, na asiyejua hudhani amepata nafuu.

Sisi twaelekea upande wa kusema. Twapenda kulieleza jambo hili kwa neno ambalo limo katika lugha yetu tangu kale, nalo ni amana. Aliyeona dalili kwa mtoto wa mwenziwe hakuokota mali yake. Amewekewa kitu cha mtu, na kitu cha mtu hurudishwa kwa mwenyewe. Kukizuia kwa kisingizio kwamba mwenyewe atahuzunika ni khiyana, hata kama ni khiyana ya upole. Ila amana ina sharti jingine linalosahauliwa, kwamba irudishwe yote. Aliyewekewa shilingi 100 akarudisha 40 hawezi kujisifu kwamba amerudisha amana. Ndivyo alivyofanya yule mtu wa kliniki aliyelitamka neno pumu akaliacha hapo. Alirudisha nusu. Nusu nyingine ni hesabu: kwamba walio wengi kati ya watoto ambao vifua vyao hulia wakiwa wachanga huacha, kwamba baada ya miaka mitatu yafaa kutazama upya, na kwamba mtoto huyu aruhusiwe kukimbia hadi pumzi yake mwenyewe imwambie vingine. Bila nusu hiyo ni afadhali angenyamaza, na katika hilo wanyamazaji wana haki.

Lipo jambo lililotokea Uingereza ambalo latusaidia kuona upande mwingine wa amana hii. Kuanzia mwaka 1911, katika jimbo la Hertfordshire, wauguzi walioongozwa na Ethel Margaret Burnside walikuwa wakienda nyumba kwa nyumba wakipima uzito wa watoto na kuandika madaftarini magonjwa yao ya mwaka wa kwanza. Madaftari yakawekwa. Miaka mingi ikapita hadi mtaalamu David Barker na wenzake walipoyafungua, wakawatafuta wale waliokuwa watoto. Mwaka 1991 walitangaza habari za wanaume 5,718 waliozaliwa kati ya 1911 na 1930. Waliozaliwa na uzito mdogo, na waliougua kifua kabla ya kutimiza mwaka, ndio waliokuwa na mapafu dhaifu uzeeni, na vifo vyao kwa magonjwa ya kuziba pumzi vilikuwa vingi zaidi. Wazee hao walikuwa wameandikiwa habari zao tangu hawajaota meno, nazo zikakaa kabatini. Hakuna aliyewadhulumu, kwa kuwa wauguzi wale hawakujua maana ya walichoandika. Lakini sisi twajua. Udhuru wao si wetu tena.

Na daftari letu liko wapi? Liko mikononi mwa mama mwenyewe. Ile kadi ya kliniki anayoifunga katika mfuko wa nailoni na kuificha chini ya godoro ina uzito wa kuzaliwa, ina tarehe za homa na kikohozi, ina alama za mganga. Amana anayo tayari. Asichonacho ni lugha ya kuisomea, maana kadi nyingi tulizoletewa zimeandikwa kwa Kiingereza, na kwa mkono wa mtu mwenye haraka.

Bado kuna jambo gumu kuliko yote, nalo ni moshi. Tumekwisha kutaja sigara za akina mama wa Tucson. Mama zetu wengi hawavuti sigara, ila huvuta moshi wa kuni. Katika wilaya ya Kintampo, Ghana, wachunguzi walipima hewa waliyoivuta wanawake wajawazito, kisha wakapima pumzi za watoto wao wakiwa na umri wa siku 30 hivi. Mwaka 2019 walitangaza kwamba moshi wa jikoni wakati wa ujauzito ulikwenda pamoja na mapafu dhaifu ya mtoto. Dalili, basi, huanza kabla ya kuzaliwa, juu ya mafiga matatu. Je, nalo hili tumwambie mama?

Twaliuliza kwa sababu kuna ushauri ambao, ukitolewa kwa asiyeweza kuufuata, hugeuka kuwa lawama. Mtu asemaye kwa mwanamke wa kijijini, "Usipike kwa kuni ukiwa na mimba," amesema neno la kweli. Lakini kuni ndizo alizonazo, mume na watoto watataka kula jioni, na gesi ni ya wenye mishahara. Akizaa mtoto mwenye kifua kibovu, atakumbuka kwamba aliambiwa. Amepewa hatia bila kupewa jiko. Wala jiko lenyewe si jibu jepesi kama wengine wanavyodhani. Nchini Malawi yaligawiwa majiko yanayochoma kuni kwa moshi mdogo, katika jaribio lililohusu watoto zaidi ya 10,000, na habari zilizotangazwa mwaka 2017 zilisema kwamba nimonia kwa watoto hao haikupungua. Takataka zilikuwa zikichomwa uani, jirani alikuwa akipika kwa kuni zake, sigara zilikuwako, na moshi haujui mpaka wa kiwanja. Kwa hiyo twadhani ukweli huu wa moshi una mwenyewe mwingine wa kurudishiwa. Wa kwanza kuambiwa si mama mmoja mmoja, bali halmashauri inayopima viwanja bila kuacha nafasi ya jiko, na kamati ya shule ambayo jiko lake la uji hufukiza darasa la watoto wadogo kila asubuhi. Hilo la mwisho tunaliona kwa macho yetu, na wengi wetu tumo katika kamati hizo. Mama aambiwe lile awezalo: ampe dada au bibi ampakate mtoto nje wakati moto unawashwa, maana moshi wa kuwashia ndio mzito, na asimbebe mgongoni akiinamia mafiga ikiwa yupo wa kumpokea. Na ikiwa hayupo, asilaumiwe.

Sasa maneno yenyewe. Tulipokuwa tukizungumza jambo hili katika mkutano wa tawi letu, tulijaribu kutunga namna ya kumwambia mama bila kumtia hofu wala kumficha. Ilikuwa kazi kubwa kuliko tulivyotazamia. Neno atapata lilikataliwa, kwa kuwa linahukumu. Huenda likaonekana jepesi, kwani kwa Kiswahili cha mitaani huenda ni neno la mtu asiyejali. Neno hatari lilikataliwa na mwalimu mmoja mwanamke, mama wa watoto wanne, aliyesema kwamba mama akisikia hatari hasikii tena linalofuata. Mwishoni tulikubaliana, si wote, juu ya maneno haya: "Mama, mtoto huyu ana kifua cha kutazamwa. Watoto wengi wa namna hii hupona wakikua, na wachache huendelea. Hatujui yeye ni wa kundi lipi. Siku kifua kikilia mluzi, mlete, useme kwamba baba yake ana pumu. Akifika miaka mitatu tutamtazama tena. Mwache acheze."

Kifua cha kutazamwa si istilahi ya kitabuni, na wakaguzi wa lugha huenda wasiipende. Tumeichagua kwa sababu haimpi mtoto jina la ugonjwa asio nao, tena inataja kazi ya kufanywa. Kuhusu mluzi, tulipendekeza kwamba mwalimu au muuguzi asilitamke tu, bali auigize kwa mdomo wake mbele ya mama, kisha auigize na mkoromo, amwulize ni upi kati ya hiyo miwili. Baadhi ya wenzetu waliona haya. Tulipojaribu hapo hapo mkutanoni, walimu watu wazima kumi na wawili tukipiga miluzi ya kifuani, tuligundua kwamba wawili kati yetu tulikuwa tukiigiza sauti tofauti kabisa. Wenzetu wa matawi mengine, hasa walioko mipakani ambako Kiswahili hukutana na lugha nyingine nyumbani, watuandikie wanaiitaje sauti hiyo, na mama zao huitikia neno lipi.